Dragon Quest XI S, Persona 5 Royal au Final Fantasy VII Remake: uanze na ipi?

Anayeuliza swali hili kwa kawaida ni mtu aliyeshiba gemu za mpira na za bunduki, kasikia habari za gemu za kuigiza za Kijapani, zile wanazoziita JRPG, kaingia duka la mtandaoni na kukuta tatu zina punguzo la bei kwa mpigo. Hela inatosha moja. Marafiki hawamsaidii, maana kila mmoja anaitetea aliyoanza nayo kama anavyotetea timu yake.

Zote tatu nimezimaliza na zote nazipenda, kwa hiyo hapa hutapata mshindi. Ninachoweza kukuonyesha ni jinsi kila moja inavyoutumia muda wako. Picha nzuri utaizoea baada ya saa mbili tatu. Mwendo wa gemu ndio utakaokaa nao kwa wiki na miezi, na watu wengi wanaoziacha njiani wanashindwa na mwendo, wala hawashindwi na bosi.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni mapigano: unapewa nafasi ya kufikiri, au unatakiwa kuwa na vidole vyepesi? Cha pili ni hadithi, pamoja na mambo ambayo huenda usingependa yaonekane sebuleni wakati watoto wapo. Cha tatu ni muda, kwa maana ya urefu wa gemu na pia urahisi wa kuiacha na kuirudia, hasa kwa mtu ambaye umeme wa kwake hauaminiki. Cha nne ni lugha. Hakuna hata moja kati ya hizi yenye Kiswahili, na zote zina maneno mengi ya kusoma, kwa hiyo suala hili si dogo. Cha mwisho ni mashine na ukubwa wa faili, kwa sababu kuna watu wanapakua kwa bando.

Muziki nimeuacha nje. Zote tatu zinajitosheleza, isipokuwa lalamiko moja nitakalolitoa huko mbele.

Dragon Quest XI S

Gemu yenyewe ilitoka Japani mwaka 2017 na kufika nchi nyingine 2018. Toleo la S, ambalo ndilo la kununua, lilianzia Switch mwaka 2019 na kuenea kwenye mashine nyingine Desemba 2020. Msimamizi wake ni Yuji Horii, aliyeuanzisha mfululizo huu mwaka 1986, na wahusika walichorwa na Akira Toriyama, yuleyule wa Dragon Ball, aliyefariki Machi 2024. Ukiona nyuso zao utamtambua tu bila kuambiwa.

*Mapigano.* Ni ya zamu kwa asilimia mia. Adui anasubiri uchague: piga, roga, jilinde, tumia dawa. Unaweza kwenda kuchemsha chai ukarudi ukalikuta lile jini limesimama palepale, linatikisa mabega. Wenzako unaweza kuwaongoza mmoja mmoja au kuwapa maelekezo ya jumla wakapigana wenyewe, na kuna kitufe cha kuongeza kasi ya pambano. Ubaya wake ni kwamba kwa kiwango cha kawaida gemu ni nyepesi. Mtu aliyezoea mambo magumu awashe masharti ya Draconian Quest mwanzoni kabisa, hasa lile la maadui wenye nguvu zaidi. Bila hivyo atapiga miayo hadi katikati ya safari.

*Hadithi.* Kijana wa kijijini anafikisha miaka kumi na sita, anaambiwa yeye ni shujaa aliyetabiriwa, anakwenda kwa mfalme wa Heliodor kwa heshima zote, na mfalme anamtupa gerezani. Humo anakutana na Erik, mwizi mwenye moyo mzuri kuliko wengi walio huru. Kuanzia hapo ni safari ya kukusanya wenzako, mji baada ya mji, na karibu kila mji una kisa chake chenye mwanzo na mwisho. Shujaa mwenyewe hasemi neno, na hilo linawakera wengine. Mimi halinisumbui, kwa sababu Sylvando, mmoja wa wenzako wa safari, anaongea kwa niaba ya watu wanne. Ukiona majina ya watengenezaji yanapita kwenye skrini, usifute gemu. Kuna sehemu nzima baada ya hapo, na ndiyo yenye mwisho wa kweli. Kwa familia haina tatizo kubwa, ila ina mizaha ya kizee juu ya wanawake ambayo ilipaswa kustaafu zamani.

Kuna kitu kimoja hapa sijakiona kikifanywa hivi kwingine, nacho ni uhunzi. Ukiweka kambi porini unatoa tanuri dogo la mhunzi na kuanza kufua upanga mwenyewe. Chuma kimegawanywa vipande, kila kipande kina mstari wake, na kila pigo la nyundo linausogeza mstari kuelekea eneo la kijani. Kadiri unavyopiga, joto linashuka na mapigo yako yanadhoofika, na nguvu ulizonazo zina kikomo. Ukizidisha pigo moja, umeharibu. Ukipatia, unatoka na silaha bora kuliko ya dukani. Ni mchezo wa kupoteza dakika tano unaogeuka saa nzima bila wewe kujua.

*Muda.* Hesabu saa hamsini hadi sitini kwa hadithi ya kawaida, na nyingi zaidi ukitaka kila kitu. Ila inaachika kirahisi kuliko zote: inajisevu yenyewe kila unapopita sehemu mpya, na ukiirudia baada ya wiki mbili inakukumbusha ulikuwa wapi na unakwenda wapi.

*Lugha na mashine.* Kiingereza chake kina madoido. Watu wa mji wa Gondolia wanaongea kwa lafudhi ya Kiitaliano iliyoandikwa hivyohivyo herufi kwa herufi, na wakazi wa Hotto wanaongea kwa vishairi vifupi vya Kijapani. Kama Kiingereza ni lugha yako ya tatu, humo utasoma sentensi mara mbili. Maandishi ya Kifaransa yapo, kwa walioko Bujumbura au Lubumbashi. Kwenye kompyuta inachukua takriban GB 40 na haihitaji mashine ya ajabu. Zaidi ya hayo, ina demo ya bure ya karibu saa kumi, na sevu yako inahamia kwenye gemu kamili ukiinunua.

Lile lalamiko la muziki ni hapa. Wimbo wa mashambani ni mzuri, lakini utausikia tena na tena mpaka jirani yako atauimba. Angalau toleo la S limeurekodi kwa okestra.

*Inamfaa nani?* Mwenye kazi, mwenye watoto, mtu wa nusu saa usiku kabla ya kulala. Na yeyote anayetaka kuijua misingi ya aina hii ya gemu kabla ya kuona wengine wanavyoivunja.

Persona 5 Royal

Hii ni ya kampuni ya Atlus. Persona 5 ya kwanza ilitoka Japani 2016 na kwingineko Aprili 2017. Royal, iliyoongezwa muhula mzima wa shule na wahusika wapya, ikafuata 2019 na 2020, kisha Oktoba 2022 ikaingia Switch, Xbox, PS5 na kompyuta.

*Mapigano.* Ya zamu pia, lakini ya kasi. Kila adui ana udhaifu wake, labda moto, labda umeme. Ukimgonga hapo anaanguka, nawe unapewa zamu nyingine. Badala ya kuitumia, unaweza kumpasia mwenzako kwa kumgonga kiganja, akaendelea yeye na nguvu ikiongezeka kila pasi. Wakianguka wote mnawazingira, na hapo una hiari ya kuwamaliza au kuongea nao ili mmoja ajiunge na wewe awe silaha yako. Mazungumzo yenyewe ni vituko: jini linakuuliza swali la maisha, ukijibu ovyo linakasirika.

Jihadhari na jambo moja: mhusika wako mkuu akifa, mchezo umekwisha hata kama wenzake wote wako wazima. Kwa anayetaka hadithi tu, kuna kiwango cha Safe kinachokuinua palepale ulipoangukia. Ajabu ni kwamba Merciless, kiwango kigumu kuliko vyote kwa jina, mara nyingine ni rahisi kuliko Hard, kwa sababu mapigo ya udhaifu yanaongezewa uzito mara tatu, na ukijua udhaifu wa adui unammaliza kabla hajainua mkono.

*Hadithi.* Wanafunzi wa sekondari Tokyo wanagundua njia ya kuingia katika nafsi za watu wazima waovu, zinazoonekana kama makasri, na kuiba tamaa zilizowaharibu. Wa kwanza ni Kamoshida, mwalimu wa michezo anayewapiga wanafunzi na kuwasumbua mabinti kingono. Msichana mmoja anajaribu kujiua kwa sababu yake. Nayasema wazi mambo haya kwa sababu yanakuja ndani ya saa chache za mwanzo na hayapambwi. Ukiwa na mdogo wako wa miaka kumi pembeni, hii si gemu ya kuichezea sebuleni. Ulaya imewekewa alama ya miaka 16, na ni sahihi.

Saa hizo za Kamoshida ni miongoni mwa mianzo bora niliyowahi kuona kwenye gemu yoyote. Hasira unayopata ni ya kweli, maana karibu kila aliyesoma bweni anamjua mwalimu ambaye wote walimwogopa na mkuu wa shule alijifanya hamwoni. Kinachoniudhi ni kwamba gemu yenyewe haiheshimu ilichokisema. Inamlaani Kamoshida kwa jinsi anavyomtazama Ann, msichana wa kikundi chako, kisha sura moja tu mbele inamfanyia huyohuyo Ann mzaha wa aina ileile.

*Muda.* Hapa ndipo watu wanapoipenda au kuikimbia. Gemu inaenda kwa kalenda, kuanzia Aprili. Kila siku una nafasi ya mchana na nafasi ya jioni, na kila jambo linakula nafasi. Chukua jioni moja ya kawaida mtaa wa Yongen-jaya, ghorofani juu ya mkahawa wa Leblanc unakoishi. Unaweza kusoma ili mtihani usikuaibishe. Unaweza kwenda bafu la mtaani kujiongezea mvuto, au kukaa na Sojiro, mwenye mkahawa, akufundishe kukoroga kahawa, kahawa ambayo itakurudishia nguvu za uchawi siku ya vita. Unaweza kwenda kuuza maua Shibuya ukapata vijisenti. Unachagua kimoja, siku inaisha. Na usiku mwingine, umepanga mambo matatu kichwani, yule paka Morgana anakwambia umechoka, ulale.

Wakati huohuo kuna tarehe ya mwisho. Kamoshida lazima awe ameshughulikiwa kufikia tarehe 2 Mei ya kalenda yao. Ukichelewa, umepoteza mchezo. Wazoefu humaliza kasri lote kwa siku moja ili wabaki na siku nyingi za kukaa na watu, na kinachowakwamisha ni nguvu za uchawi kwisha. Dawa yake ni daktari Takemi, mtaa huohuo: jenga urafiki naye mapema, atakuuzia plasta zinazorudisha nguvu hizo kidogokidogo kila zamu. Plasta mbili tatu, na kasri la siku moja linawezekana.

Kuna mtego mwingine. Ule muhula ulioongezwa, ambao ndio sababu ya kununua Royal, haufunguki wenyewe. Unatakiwa uwe umefikisha ukaribu wa daraja la 9 na mshauri wa shule, Maruki, kabla ya tarehe 18 Novemba. Gemu haikwambii waziwazi. Wapo waliotumia saa mia moja wakaikosa sehemu bora kuliko zote, na bado sielewi kwa nini watengenezaji waliona hilo ni sawa.

Saa mia moja ndiyo hesabu ya kawaida, na wengi huzidi. Ndani ya makasri unasevu kwenye vyumba maalumu tu, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, ulichofanya tangu chumba cha mwisho kimeondoka.

*Lugha na mashine.* Hii ni ya kusoma, kusoma, kusoma. Marafiki wanakutumia meseji kwenye simu, walimu wanakuuliza maswali darasani, na sehemu kubwa haina sauti. Kiingereza chake lakini ni cha kila siku, cha vijana. Royal imeongezwa Kifaransa ambacho gemu ya 2017 haikuwa nacho. Ni takriban GB 40 kwenye kompyuta, na kwa kuwa asili yake ni PS3, hata laptop ya kawaida inaimudu.

*Inamfaa nani?* Anayependa tamthilia ndefu na watu kuliko vita. Mwanafunzi aliye likizo. Mtu anayefurahia kupanga ratiba, maana asiyependa kupangiwa muda kazini hatapenda kupangiwa na paka.

Final Fantasy VII Remake Intergrade

Final Fantasy VII ya Januari 1997, kwenye PlayStation ya kwanza, ndiyo iliyowaingiza wengi nje ya Japani katika aina hii ya gemu. Remake ilitoka PS4 Aprili 2020. Intergrade ilikuja Juni 2021 kwa PS5, ikiwa na kipande cha ziada cha binti anayeitwa Yuffie, na ikafika kompyuta Desemba mwaka huo.

*Mapigano.* Hii ni ya vidole, lakini kichwa kinahitajika. Unapiga kwa upanga moja kwa moja, na kila pigo linajaza kipimo. Kikijaa unafungua orodha, dunia inakaribia kusimama, na unachagua uchawi, dawa au pigo maalumu. Unaruka kutoka mhusika mmoja hadi mwingine: Cloud na panga lake, Barret anayefyatua risasi kwa mkono, Tifa wa ngumi za haraka, Aerith wa uchawi. Bosi wa kwanza, mtambo wenye umbo la nge, anakufundisha yote. Anapoanza kukusanya mwali kwenye mkia unatakiwa ukimbilie nyuma ya vifusi vilivyodondoka, na ukikaa wazi kwa ubishi unalambwa. Asiyetaka kubonyezabonyeza kuna namna ya Classic, ambapo wahusika wanapiga wenyewe na wewe unachagua kutoka kwenye orodha tu. Inafanya kazi, ila unakosa utamu wake.

Kwa mapigano peke yake, mimi naiweka juu ya nyingine mbili. Kwa gemu nzima, hapana.

*Hadithi.* Kampuni ya Shinra inanyonya uhai wa sayari kuuza umeme, na kikundi kidogo kinalipua mitambo yake. Mji wa Midgar una matajiri juu ya bamba la chuma na maskini chini yake wasioona jua. Watu wa chini wameandikwa vizuri sana, na Barret, anayeanza kama mpiga kelele, anaishia kuwa baba ninayemkumbuka zaidi.

Ila ujue unachonunua: hii ni sehemu ya kwanza ya tatu. Haitoki nje ya Midgar mpaka mwisho kabisa, eneo ambalo gemu ya 1997 ililimaliza kwa saa chache tu. Kuinyoosha huko kunaonekana. Utatumwa kutafuta paka waliopotea mtaani, na utapita vijia vyembamba vingi kwa mwendo wa kobe. Zaidi ya hayo, kuna vivuli vinavyozagaa vikilinda yaliyopangwa yatokee. Aliyecheza ya zamani anaelewa vinalinda nini. Mgeni atafika mwisho akijiuliza ni kipi hasa kimebadilishwa. Sehemu ya pili, Rebirth, ilitoka Februari 2024, na ya tatu bado tunaisubiri.

*Muda.* Saa thelathini na tano hadi arobaini. Fupi kuliko zote, na kusevu ni karibu popote nje ya vita. Lakini ukihesabu na Rebirth, ambayo ni ndefu kupita hii, umejifunga mkataba.

*Lugha na mashine.* Nyepesi zaidi kufuata, maana karibu kila kitu kwenye hadithi kina sauti, na nyuso zinaonyesha kinachosemwa hata neno likikupita. Ina sauti kamili za Kifaransa. Bei yake ni nafasi: kwenye kompyuta inataka GB 100, na kadi ya picha ya maana.

*Inamfaa nani?* Anayetoka kwenye gemu za vita na anaogopa kuchoshwa na zamu. Anayetaka kumaliza kitu mwezi huu.

Kulingana na hali yako

Kama hujui unapenda nini, pakua demo ya Dragon Quest leo. Ni bure, na saa kumi zinatosha kukuonyesha kama mapigano ya zamu ni yako. Yakikuchosha, nenda Final Fantasy. Yakikunogea lakini ukatamani watu wenye mambo mazito zaidi, nenda Persona.

Unacheza na watoto wakitazama? Dragon Quest, na ukifika kwenye ile mizaha ruka haraka. Persona isubiri walale.

Una likizo ndefu na hakuna anayekusumbua, basi Persona, na andika hiyo tarehe ya 18 Novemba kwenye karatasi ukutani. Ukiwa na nusu nusu saa za jioni, iache kwanza: utasahau ulikuwa unapanga nini, na bila mpango inakuwa mateso.

Unalipia bando kwa GB, Final Fantasy itakuuma mara mbili zaidi ya wenzake. Tafuta diski ya PlayStation ikiwezekana. Na kama kilichokuvuta ni sifa za ile ya 1997, hiyo yenyewe ipo hata kwenye simu, na ukiicheza kwanza ile Remake itakuwa na maana tofauti kabisa.

Wakati wa kulipa, soma jina mpaka mwisho. Diski za Persona 5 bila neno Royal na za Dragon Quest XI bila herufi S bado zinauzwa, bei yake inavutia, na sevu zake haziendelei kwenye toleo jipya. Vivyo hivyo Remake ya PS4 haina kipande cha Yuffie.